Riakta Mbili za Tangi la Maji ya Bahari: Shajara ya Kigamboni, Juni hadi Agosti 2025

7 Juni

Shajara hii inaanza na kosa la hesabu ambalo nimelirudia tangu mwezi wa tatu bila kulitambua. Kipimo changu cha kielektroniki hakisomi fosfeti bali fosforasi, tena kwa mikrogramu katika lita moja, na ili kuipata fosfeti ni lazima namba inayotokea kwenye kioo izidishwe kwa 3.066, kisha igawanywe kwa 1,000 iwe miligramu. Mimi nilikuwa nikigawanya bila kuzidisha. Asubuhi ya leo kioo kilionyesha 78, namba ambayo kwa mazoea yangu ningeiandika 0.078 na kuridhika nayo, kumbe maji yana miligramu 0.24 za fosfeti katika kila lita. Baharini, kwenye maji safi yanayopita juu ya miamba ya matumbawe, kiasi hicho kwa kawaida hakifiki hata 0.05.

Sasa ninaelewa kwa nini mwani wa nyuzi, ambao fosfeti ni mbolea yake, haujaisha ingawa nimeung'oa kwa mkono kila Jumamosi. Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi la pili lenye skima ya povu, kifaa kinachonasa uchafu kwa mapovu, na pampu ya kurudisha maji juu, na nikitoa nafasi inayochukuliwa na mawe na mchanga, maji halisi ya mfumo mzima ni kama lita 300. Wanaoishi humo ni samaki wawili wa anemoni, samaki mmoja mdogo aina ya kangaja, konokono kadhaa, na matumbawe laini niliyopewa vipande vyake na mfugaji mwenzangu: moja kubwa la ngozi lenye umbo la uyoga, na mashada matatu ya zoantidi, jamaa wa matumbawe wanaofunguka kama maua madogo. Matumbawe magumu sina, kwa kuwa yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na sitaki kufuga kiumbe nisichoweza kuonyesha karatasi zake.

Vipimo vingine vya leo: chumvi 35 kwa elfu, joto nyuzi 26.5, naitreti miligramu 15 kwa lita, ugumu wa kaboneti (yaani uwezo wa maji kuhimili asidi) 7.8.

8 Juni

Nimekaa na karatasi jioni nzima nikipanga. Nitaunda riakta mbili. Riakta kwa maana hii ni chombo kilichosimama wima ambacho pampu ndogo inasukuma maji yaingie chini yake, yapande kupitia kitu cha kuchujia, kisha yatokee juu na kurudi kwenye tangi la chini. Mtu anaweza kuweka vitu hivyohivyo ndani ya mfuko wa wavu na kuutupa kwenye mkondo wa maji, nami nimefanya hivyo kwa mwaka mzima, lakini maji hufuata njia nyepesi, yakauzunguka mfuko badala ya kupita katikati yake, na kilichomo ndani hushikana kuwa donge.

Riakta ya kwanza itabeba mkaa wa kuchujia. Haja ya mkaa hapa ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu tumbawe la ngozi hutoa kemikali majini kuwazuia majirani wasilisogelee, na katika lita 300 kemikali hizo hazina bahari ya kuzitawanya. Mkaa huondoa pia ile rangi ya manjano inayoongezeka polepole mpaka jicho linaizoea. Riakta ya pili itabeba punje za oksidi ya chuma, ambazo kwa asili yake ni ndugu wa kutu ya kawaida, na ambazo huishika fosfeti juu ya uso wake wenye vitundu vingi mno.

Wapo wanaozipanga riakta hizo mbili kwa mfuatano, maji yatoke kwenye mkaa yaingie kwenye chuma, kwa pampu moja. Nimeukataa mpango huo. Mkaa unatakiwa utulie, kwa kuwa ukichezacheza husagika na kuwa vumbi, na punje za chuma zinatakiwa zicheze, kwa kuwa zikitulia hugandana. Mwendo mmoja wa maji hauwezi kuvitosheleza vitu viwili vinavyotaka kinyume, kwa hiyo kila riakta itakuwa na pampu yake na koki yake.

14 Juni

Nimevuka kwa kivuko asubuhi kwenda Kariakoo kununua vifaa, nikiongozana na fundi bomba wa mtaani kwetu. Tumepata vyombo viwili angavu vya chujio la maji la nyumbani, vya inchi 10, pamoja na mabomba ya plastiki, viwiko, utepe mweupe wa kuzibia nyuzi na sponji nene. Kwenye koki ndipo tulipopishana. Fundi alishika koki ya shaba akaipima uzito mkononi, akaniambia, "Kaka, chukua hii, ya plastiki itakusumbua." Nilimweleza kwamba shaba ikikaa kwenye maji ya chumvi huyeyuka kidogo kidogo, na kwamba kiasi kidogo tu cha shaba majini kinatosha kuua konokono na matumbawe hata kama samaki watavumilia. Alinitazama kwa muda, kisha akairudisha kwenye rafu na kusema, "Basi twende na plastiki, fundi wa samaki ni wewe." Klipu za chuma za kukazia mpira nazo tuliziacha, nikachukua nyuzi za nailoni.

15 Juni

Jaribio la kwanza, ndani ya ndoo, kwa maji matupu yasiyo na kiumbe. Nimelisimulia kwa urefu kwa sababu ndilo lililobadilisha mpango wote.

Ndani ya kila chombo nilisimamisha bomba jembamba katikati, mahali ambapo chujio lake la asili hukaa, ili maji yashuke hadi chini kabisa kabla ya kuanza kupanda. Juu ya sakafu ya chombo nikaweka duara la sponji. Kwenye chombo cha mkaa nikatia mililita 400 za mkaa, nikaufunika kwa duara jingine la sponji lililoukandamiza kidogo, nikawasha pampu. Nilipima kwa jagi na saa ya simu: lita 3 kwa dakika, mkaa umetulia tuli, maji yanatoka meupe. Hicho kilifaulu mara ya kwanza.

Chombo cha chuma kilishindwa. Nilitia mililita 150 za punje, yaani nusu tu ya kipimo ambacho mfuko unaelekeza kwa tangi kama langu, kwa kuwa sikutaka kuishusha fosfeti kwa pupa. Chombo kina kipenyo cha ndani cha karibu sentimita 9.5, kwa hiyo mililita 150 zilitandazika humo zikawa tabaka la sentimita 2 tu. Kwa lita 1 kwa dakika hakuna punje iliyotikisika. Nilipofungua koki mpaka lita 3, maji yalitoboa tundu moja pembeni, yakapita hapohapo kwa nguvu, na punje zilizobaki zikakaa kama mchanga wa ufukweni. Nilipofungua zaidi, tabaka lote liliruka likabandika kwenye sponji ya juu.

Nilichukua kalamu. Eneo la chombo hicho likikatwa mlalo ni karibu sentimita 71 za mraba. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5, likitolewa nafasi ya bomba jembamba la katikati, lina sentimita 18.5 tu. Mwendo uleule wa lita 1 kwa dakika ungepanda ndani ya bomba hilo kwa kasi ya karibu mara nne, na punje zilezile zingekuwa na kina cha sentimita 8 badala ya 2. Kumbe tatizo halikuwa pampu wala punje. Lilikuwa unene wa chombo. Chombo cha pili cha chujio nitakiweka kama akiba ya kile cha mkaa.

20 Juni

Kwa mafundi wa mabango nimepata bomba angavu la perspeksi, kipenyo cha ndani sentimita 5, urefu 35. Wamelibandikia kitako cha perspeksi na kulitoboa tundu la kutolea maji sentimita 5 kutoka juu. Nimeliacha mdomo wazi kwa makusudi. Kwa kuwa riakta hii itasimama ndani ya tangi la chini, maji yanayofurika yanaanguka mahali yanapotakiwa kwenda, na chombo kisicho na kifuniko hakina shinikizo la kupasua wala pete ya mpira ya kuvuja.

Koki za riakta zote mbili zimefungwa kwenye upande wa kuingilia. Ukiibana koki iliyo upande wa kutokea, chombo kilichofungwa hujaa shinikizo la pampu yote na kutafuta pa kuvujia, na katika kabati lililo karibu na soketi za umeme hilo si jambo la kuchezea. Nyaya zote nimezilegeza zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji litakalofuata waya lidondoke sakafuni.

22 Juni

Leo riakta zimewashwa. Kazi kubwa ilikuwa kuosha.

Mkaa niliulowesha tangu jana usiku kwenye maji ya mtambo wa RO, yaani yaliyosafishwa kwa kusukumwa kupitia utando, kwa sababu vitundu vyake vimejaa hewa. Ukiinamisha sikio juu ya ndoo unausikia ukifoka kwa sauti ndogo sana, na mapovu membamba kama vichwa vya pini hupanda kwa saa nyingi. Asubuhi nilibadilisha maji mara tano mpaka weusi ulipokwisha. Sikufanya haraka, kwa kuwa nina kangaja: utafiti uliochapishwa mwaka 2011 juu ya jamaa yake wa Atlantiki ulionyesha kwamba samaki waliokaa na vumbi la mkaa laini uliotengenezwa kwa lignaiti, aina ya makaa ya mawe, walipata vidonda vya kuchimbika kichwani na kwenye mstari wa ubavuni.

Punje za chuma huoshwa kwa upole, kwani ukizisugua unatengeneza vumbi jipya. Nilizimimina ndani ya bomba la perspeksi, nikaungamanisha pampu na ndoo ya maji ya RO, nikafungua koki kidogo. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya matofali. Baada ya lita 8 yalikuwa safi. Kisha nikapitisha lita 10 za maji ya bahari na kuyamwaga, ndipo nikairuhusu riakta imwage kwenye tangi.

Nilifungua koki robo kwa robo huku macho yakiwa usawa wa bomba. Mwanzoni tabaka lote lilikuwa kimya. Kisha uso wake ukaanza kupumua, punje moja ikazama na nyingine kuinuka mahali pake, na baada ya kuongeza unywele mmoja wa koki tabaka zima likawa kama mchele unaotokota kwa moto mdogo. Kina kiliongezeka kutoka sentimita 8 hadi karibu 10. Jagi lilijaa lita 1 kwa sekunde 58. Hapo nikaacha.

24 Juni

Kioo: 61, yaani fosfeti 0.19. Maji ya tangi yameng'aa kiasi kwamba nimepunguza muda wa taa kwa saa moja, kwa sababu matumbawe yaliyozoea maji ya manjano hupata mwanga mkali ghafla maji yanapotakata.

26 Juni

Kioo: 44, yaani 0.13. Kwa siku nne tumeshuka kutoka 0.24, na nimeona kwa macho yangu kwamba ni haraka mno. Shada moja la zoantidi halijafunguka tangu jana na mengine mawili yamefunguka nusu. Tumbawe la ngozi limejikunja na polipu zake zote, yaani vinywa vyake vidogo vyenye minyiri, zimeingia ndani. Kwa tumbawe la ngozi peke yake nisingetishika, maana hujifunga hata siku nne au tano linapobadilisha utando wake wa nje, lakini likijifunga pamoja na zoantidi, katika wiki hii hii, sababu ni moja. Ugumu wa kaboneti nao umeshuka kutoka 7.8 hadi 7.2, punje mpya za chuma hufanya hivyo mwanzoni, kwani kaboneti hukamatwa na kugandia juu yake.

Nimebana koki hadi nusu lita kwa dakika.

28 Juni

Mwezi uliandama siku mbili zilizopita, na bamvua bado lina nguvu. Nilikwenda na kijana wangu upande wa bahari kuu, mbali na mdomo wa bandari, tukachota madumu sita ya lita 20 maji yalipojaa. Ninachota wakati wa kujaa tu, kwa sababu maji yanayokupwa huburuta pamoja nayo taka za ufukweni. Ng'ambo ile, karibu na Daraja la Salenda ambako Mto Msimbazi unaishia, sichoti msimu wowote. Kusi imechafua bahari kidogo, kwa hiyo maji yatapita kwenye chujio la kitambaa la mikroni 5 na kukaa gizani siku mbili yakizungushwa na pampu kabla ya kuingia tangini.

29 Juni

Kioo: 33, yaani 0.10. Riakta ya chuma nimeizima. Nilipoigusa niligundua kwamba kule kubana koki nilikofanya tarehe 26 kulikuwa kosa la pili: kwa nusu lita kwa dakika punje ziliacha kucheza, zikatulia, na sehemu ya chini ilikuwa imeanza kushikana. Nimezitoa, nikazivunja taratibu kwa vidole ndani ya maji ya bahari, nikazihifadhi zikiwa na unyevu kwenye mkebe.

2 Julai

Kioo: 45. Fosfeti imerudi hadi 0.14 kwa siku tatu tu, ingawa chakula hakijaongezeka na juzi nilibadilisha maji lita 100.

Fosfeti hii ya ziada inatoka kwenye mawe. Mawe ya tangi hili ni ya kalsiamu kaboneti, na kwa miezi yote ambayo maji yalikuwa na fosfeti nyingi, mawe yalikuwa yakiifyonza na kuiweka. Maji yanapopungukiwa, mawe huirudisha mpaka pande mbili ziwiane tena. Kwa hiyo namba iliyo kwenye kioo inaonyesha kilichomo majini leo, wala haionyeshi deni lililofichwa ndani ya mwamba. Mwenye kuona 0.05 siku ya nne akazima riakta kwa furaha atashangaa wiki inayofuata. Hii pia ndiyo sababu nyingine ya kwenda taratibu: deni la miezi halilipwi kwa wiki, na kulisukuma kwa nguvu kunaumiza viumbe bila kulimaliza.

5 Julai

Nimeanza upya kwa mpango mwingine. Ninapotaka fosfeti ishuke polepole, ninapunguza punje, sipunguzi mwendo wa maji. Mwendo umebaki lita 1 kwa dakika ili punje zicheze, lakini punje ni mililita 75 badala ya 150, kina cha sentimita 4 tu. Bomba jembamba ndilo linaloruhusu jambo hili. Katika chombo kipana kiasi hicho kisingefunika hata sakafu vizuri.

Nimepima pia chakula, jambo ambalo ilinipasa kulifanya kabla ya kununua chochote. Chakula kikavu cha samaki huwa na fosforasi karibu asilimia 1 ya uzito wake. Gramu moja basi ina miligramu 10 za fosforasi, ambazo zikizidishwa kwa 3.066 ni karibu miligramu 31 za fosfeti, na katika lita 300 hizo ni 0.10 kwa kila lita. Mizani ya jikoni ilinionyesha kwamba ninalisha gramu moja na nusu kwa siku. Si yote inayobaki majini, kwa sababu nyingine hujenga miili ya samaki na nyingine hutolewa na skima, lakini kila siku nilikuwa naweza kuingiza zaidi ya kile ambacho riakta iliondoa kwa siku nne za kwanza. Kuanzia leo ni gramu 0.8 kwa siku nzima, zikigawanywa mara mbili, na vipande vya uduvi vilivyogandishwa vinayeyushwa kwenye chujio la chai na maji yake kumwagwa.

9 Julai

Kioo: 38. Zoantidi zote zimefunguka. Ugumu wa kaboneti 7.6.

13 Julai

Nimefanya jaribio la rangi. Sahani nyeupe ya kauri nimeishusha upande mmoja wa tangi na kuitazama kupitia urefu wote wa sentimita 120. Mwezi uliopita sahani hiyohiyo ilionekana kama imepakwa chai nyepesi. Leo ni nyeupe, na buluu kidogo. Mkaa huu una wiki tatu. Nitaubadilisha baada ya wiki moja, kwa kuwa uwezo wake huisha kabla ya macho kuona manjano.

19 Julai

Usiku wa kuamkia leo umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa kumi na moja alfajiri. Betri iliendesha pampu kubwa ya tangi, lakini pampu za riakta hazimo kwenye betri. Nilikuwa nimeamka kwa ajili ya swala, na nilipopita karibu na kabati nikakutana na harufu ya yai viza.

Riakta ya mkaa ndiyo iliyoharibika. Ni chombo kilichofungwa, na bakteria wengi wanaishi juu ya mkaa. Maji yalipotuama kwa muda wa saa saba walimaliza oksijeni yote iliyokuwa humo, kisha wakaanza kuoza wao na uchafu walioushika. Umeme uliporudi pampu ilijiwasha yenyewe na kumwaga lita moja na nusu ya maji hayo ndani ya tangi la chini. Nilizima mara moja, nikafungua skima hadi mwisho na kuelekeza pampu ya mkondo kwenye uso wa maji ili hewa iingie kwa wingi. Konokono wawili walikuwa wamepanda hadi juu ya mstari wa maji. Samaki walikuwa wakipumua haraka, lakini walikula adhuhuri. Zoantidi zilijifunga mpaka jioni. Riakta ya chuma, kwa kuwa ina mdomo wazi na maji yake yanagusa hewa, haikuwa na harufu yoyote.

Mkaa wote nimeutupa. Chombo nimekiosha kwa siki na maji ya moto. Nimehuzunika kwa sababu jambo hili lilitabirika: katika mji ambao umeme hukatika, riakta iliyofungwa isiyo na kinga ni hatari iliyoketi kabatini.

27 Julai

Fundi umeme amefunga swichi yenye rilei kwa ajili ya pampu mbili za riakta. Umeme ukikatika hata kwa sekunde moja, rilei huachia, na ukirudi pampu hubaki zimezimika mpaka mtu abonyeze kitufe. Ninapokuta taa yake imezima, ninamimina maji ya chombo cha mkaa kwenye ndoo, ninanusa, ninapitisha maji mapya lita 5 yaende nje, ndipo ninarudisha mpira tangini. Mke wangu na kijana wamefundishwa, na hatua hizo nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati.

Mkaa mpya ni mililita 400, uliooshwa mara sita.

3 Agosti

Leo nimepima sehemu mbili: maji yanayoingia kwenye riakta ya chuma yamesoma 26, na yanayotoka yamesoma 23. Kipimo hiki kina kosa la karibu 5 juu au chini, kwa hiyo tofauti ya 3 ni sawa na hakuna. Tarehe 9 Julai tofauti ilikuwa 38 kuingia na 9 kutoka. Punje zimeshiba, na hiyo ndiyo alama ya kuzibadilisha, kuliko kuhesabu wiki kwenye kalenda. Riakta inayozungusha punje zilizoshiba inapendeza macho na haifanyi kazi.

Nimetia nyingine mililita 75. Kwenye zile za zamani nilikuta vipande vichache vilivyogandana kwa ukoko mweupe wa kalsiamu, ukubwa wa punje ya mtama, vyote kutoka chini kabisa karibu na tundu la kuingilia.

16 Agosti

Kioo: 22. Mwani wa nyuzi kwenye jiwe la kushoto umebadilika rangi kutoka kijani hadi kijivu, na ukiuvuta unatoka wote tangu pale uliposhika jiwe badala ya kukatika mkononi. Konokono wameanza kuula mahali ulipolegea. Sikung'oa chochote wiki hii.

Mkaa umebadilishwa leo. Umeme umekatika mara nne tangu rilei ifungwe, mara moja kwa saa tatu, na maji ya chombo hayakuwa na harufu.

30 Agosti

Kioo: 18, yaani fosfeti 0.055. Naitreti 8. Ugumu wa kaboneti 7.7. Chumvi 35.

Fosfeti nimeipima mara tatu kwa kopo la kipimo lililofutwa vizuri, maana alama ya kidole kwenye kioo cha kopo inatosha kubadilisha namba ndogo kama hizi, nikapata 18, 16 na 19. Sitashuka zaidi ya hapa. Matumbawe laini yanahitaji fosfeti kidogo ili yakue, na maji yasiyo nayo kabisa huyafanya yapauke. Kuingia na kutoka leo ni 18 na 7, kwa hiyo punje bado zina kazi. Zikishiba nitazibadilisha kwa mililita 50 na kutazama kama mawe yameacha kurudisha fosfeti.

Tumbawe la ngozi lilijifunga Jumatatu na kutoa utando wake Alhamisi, ngozi nyembamba kama nta iliyovuliwa na mkondo ikaenda kunaswa kwenye wavu wa maji. Leo limefunguka, polipu zote nje, na kwenye ukingo wake wa chini limeotesha kichwa cha pili kisichozidi upana wa ukucha.